Sentensi za Masharti za Kiingereza Kilosa na Mikumi: Kanuni, Maana au Kiswahili?

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, Kiingereza kilirudi darasa la kwanza katika shule za msingi za serikali, baada ya miaka kadhaa ya kuanzia darasa la tatu. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi umri wa mtoto na lugha ya kufundishia: aanze lini, na sekondari isomeshwe kwa lugha gani. Ni maswali ya haki, ila yamelifunika swali jingine lililo dogo na gumu zaidi. Mwalimu akishaingia darasani na chaki mkononi, anafundisha nini, na kwa njia ipi? Sentensi za masharti zinafaa sana kulipima swali hilo kwa sababu zinawachanganya wote, mwanafunzi, mwalimu na mzazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajaza nafasi kumi za zoezi bila kosa, kisha kwenye insha ya ukurasa unaofuata anaandika "If I would be the President, I would build a bridge". Mzazi anayefungua daftari anaona kumi kwa kumi upande mmoja na wino mwekundu upande wa pili, na haelewi mtoto wake anajua au hajui. Mwalimu mwenyewe ameambiwa na kitabu kimoja ashike kanuni, na kingine kikamwambia kanuni hizo hazilingani na Kiingereza kinachozungumzwa.

Hoja yangu ni kwamba katika madarasa ya wilaya ya Kilosa, Mikumi ikiwemo, chanzo kikubwa cha makosa haya kipo kwenye sarufi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi anaijua vizuri mno, na kwamba njia yoyote isiyoigusa sarufi hiyo itaendelea kuzaa alama nzuri kwenye zoezi na makosa kwenye insha.

Wilaya moja, mahitaji tofauti

Kilosa ni wilaya ya mkoa wa Morogoro yenye sura mbili kwa mtu anayejifunza Kiingereza. Upande wa Mikumi, barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma inakatisha hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50, na mji wenyewe unaishi kwa malori, nyumba za wageni na watalii. Kijana anayesoma chuo cha ufundi cha VETA Mikumi au anayetafuta kazi ya kuongoza wageni anakisikia Kiingereza kwa masikio yake na anajua kitamlipa. Upande wa Kilosa mjini na vijiji vinavyouzunguka, wakulima na wafugaji wanazungumza Kisagara, Kikaguru, Kividunda au Kimaasai nyumbani, na Kiswahili sokoni na shuleni. Huko Kiingereza hakitoki nje ya ukuta wa darasa. Reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2024 ina kituo Kilosa na huenda ikabadili hali hiyo kidogo, lakini kwa sasa mwalimu na kitabu ndio Kiingereza chote alichonacho mtoto wa kijijini. Na walimu wengine wa wilaya hii na za jirani wanapikwa hapahapa, katika chuo cha ualimu cha Ilonga.

Mahitaji yao hayafanani. Muongoza wageni anahitaji kusema, bila kusita, kwamba mtu akishuka kwenye gari simba yuko karibu. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji kulielewa swali la fizikia linaloanza "If the mass were doubled", kwa sababu Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia na ya mtihani. Mtahiniwa wa kidato cha nne anahitaji kuandika upya sentensi aliyopewa, aianze kwa "If" au atumie "unless". Haya matatu yanaitwa kwa jina moja, sentensi za masharti, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Historia nayo inaeleza kwa nini uzito wote umemwangukia mwalimu wa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari ihamie kwenye Kiswahili, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walikagua kiwango cha Kiingereza katika mfumo wa elimu wa Tanzania wakakikuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Kilichofuata ulikuwa mradi wa kuimarisha Kiingereza, wenye vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Lugha ya kufundishia ikabaki palepale. Tangu hapo kosa la sarufi katika darasa la Kiingereza limekuwa pia kosa la fizikia, la historia na la kilimo.

Mafungu matatu ubaoni

Njia iliyozoeleka inajulikana na kila aliyesoma sekondari Tanzania. Mwalimu anagawa ubao safu tatu. Ya kwanza: "if" na wakati uliopo, kisha "will". Ya pili: "if" na wakati uliopita, kisha "would". Ya tatu: "if" na "had", kisha "would have". Chini ya kila safu kuna mfano mmoja, na chini ya mifano kuna mazoezi. Mgawanyo huu ulienea kupitia vitabu vya sarufi vya Uingereza vya karne iliyopita. Kitabu cha Thomson na Martinet, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1960, kinauweka wazi kwa namba, aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, na namba hizo zimekaa katika madaftari ya Afrika Mashariki hadi leo.

Wanaoikebehi njia hii wanasahau inafanya kazi mahali gani. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa ya shule za kata yamefurika, na mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi hawezi kusikiliza kila mmoja akizungumza. Kanuni inaandikwa ubaoni mara moja, inanakiliwa na wote, na mazoezi yake yanasahihishwa haraka. Inalingana pia na maswali ya kuandika upya sentensi yanayotolewa na Baraza la Mitihani. Na kwa mwalimu ambaye hana uhakika na Kiingereza chake mwenyewe, kanuni ni mkongojo anaoweza kuutegemea mbele ya darasa.

Udhaifu wake ni mkubwa kuliko wanavyokiri watetezi wake. Kwanza, Kiingereza kina sentensi nyingi za masharti zisizoingia katika safu yoyote kati ya tatu. "If you have finished, close your books" inasemwa na walimu wa Kiingereza kila siku, na haimo. "If he was at the meeting, he knows" haimo. "If you had listened, you would be working now" inachanganya safu ya tatu na ya pili, na mwanafunzi aliyekariri anaiona ni kosa. Pili, na hili ndilo zito, kanuni haielezi kwa nini wakati uliopita unatumika kwa jambo ambalo halijapita. Mwanafunzi anaambiwa aandike "had" bila kuambiwa "had" hapo inasema nini. Anaitii kanuni pale tu anapoiona, yaani kwenye zoezi lenye nafasi. Kwenye insha hakuna safu wala nafasi, na hapo anarudi kwenye lugha anayoijua.

Wanaotaka namba zifutwe

Msimamo wa pili umetoka kwa wanasarufi na walimu wa Uingereza waliochoshwa na namba hizo. Michael Lewis, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kitenzi cha Kiingereza, alieleza kwamba umbo la wakati uliopita huonyesha umbali: umbali wa muda, wa heshima, au wa uhalisia. "If I had money" liko mbali na ukweli wa sasa, kama vile "I had money" lilivyo mbali na leo. Dave Willis, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu silabasi inayojengwa juu ya msamiati, alikwenda mbele zaidi. Alisema hakuna haja ya somo linaloitwa aina ya pili, maana mwanafunzi anayejua "would" ina maana gani na wakati uliopita una maana gani anaweza kuijenga sentensi hiyo mwenyewe. Mwaka 2011 Christian Jones na Daniel Waller, wakitumia hifadhi ya matini halisi, walionyesha katika jarida la ELT Journal kwamba mafungu manne ya vitabuni (matatu ya kawaida pamoja na lile la ukweli wa siku zote) hayatoshi kueleza jinsi "if" inavyotumika.

Kama maelezo ya lugha, msimamo huu una nguvu kuliko ule wa kwanza. Unaeleza sababu, na unazikubali sentensi zote zilizokataliwa na safu za ubaoni. Tatizo lake ni dhana iliyojificha ndani yake kwamba mwanafunzi atakutana na "would" mara nyingi sana, katika vitabu, redio, mazungumzo na filamu, mpaka maana ijijenge yenyewe. Mwanafunzi wa London au hata wa Nairobi huenda akakutana nayo hivyo. Mtoto wa kijiji cha Kilosa anakutana na "would" kwenye kipindi cha dakika 40, halafu anakwenda shambani. Kumwachia ajenge maana kutokana na mifano ambayo hatapata kuisikia ni kumnyima msaada, hata kama nadharia yenyewe ni sahihi.

Matumizi kwanza

Msimamo wa tatu uliingia kwenye silabasi ya sekondari ya mwaka 2005, iliyopanga mada kwa shughuli: kutoa maelekezo, kueleza unachopenda na usichopenda, kueleza maoni. Sarufi ilitakiwa ijifunzwe ndani ya shughuli. Kwa Mikumi njia hii inafaa kweli. Kanuni za hifadhi ni sentensi za masharti tupu: ukimgonga mnyama unalipa, ukitupa taka unaadhibiwa, ukishuka kwenye gari unahatarisha maisha. Kijana wa VETA anayejizoeza kuwaeleza wageni kanuni hizo anajifunza "If you leave the car" bila kusikia jina la aina yoyote, na atakumbuka. Lakini hali zinazodai aina ya pili na ya tatu ni chache katika maisha ya kazi, na darasa la wanafunzi wengi likiambiwa lizungumze, huzungumza Kiswahili. Hakuna ubaya katika hilo, isipokuwa shughuli inakuwa imekwisha bila Kiingereza.

Kiswahili, msaada na mtego

Misimamo yote mitatu ilitungwa bila kumfikiria mzungumzaji wa Kiswahili, na hapo ndipo ninapoachana nayo. Lugha hii ina mfumo wake wa masharti, tena ulionyooka kuliko wa Kiingereza. Kiambishi -ki- kinabeba sharti linaloweza kutimia: mvua ikinyesha, tutapanda. Viambishi -nge- na -ngali- vinabeba sharti la kudhania: ningekuwa na ng'ombe, ningeuza maziwa; ningalijua, nisingalikuja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anavitumia vyote bila kufundishwa, au kwa kufundishwa kidogo tu. Ndiyo maana anapoandika Kiingereza anavihamisha, na anavihamisha kwa utaratibu unaoweza kutabirika.

Mtego wa kwanza uko kwenye ulinganifu. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha kwamba viambishi vya vishazi viwili sharti vifanane: ukianza na -nge-, umalize na -nge-; ukianza na -ngali-, umalize na -ngali-. "Ningesoma ningalifaulu" inapigwa mkasi. Kipindi kinachofuata, mwalimu wa Kiingereza anadai kinyume chake: "would" ikae upande mmoja tu, upande wa pili uwe na "had" au "were". Hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba sheria hizi mbili zinapingana. Naye, kwa utii kabisa, anaipeleka sheria ya kwanza kwenye kipindi cha pili na kuandika "If I would be the President, I would build". Kosa hilo ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani wengi nao husema "If I would have known" katika mazungumzo ya kawaida, na hakuna anayewakata alama.

Mtego wa pili ni wa wakati. Vitabu vya sarufi, tangu kile cha Ashton cha mwaka 1944, vinatenganisha -nge- ya sasa na -ngali- ya wakati uliopita. Watu mitaani hawafuati sana. "Ningejua nisingekuja" inasemwa na mtu aliyekwisha kufika na anajuta, ingawa kitabu kingetaka -ngali-. Kwa hiyo tofauti ya "If I knew, I would not come" na "If I had known, I would not have come" ni tofauti ambayo Kiswahili cha kila siku kinaiachia muktadha. Mwanafunzi hana sehemu ya kuitundika. Upande wa kusoma ni hatari zaidi: akiona "If I had money", anaelewa "kama nilikuwa na pesa", jambo lililopita, kwa kuwa "had" imefundishwa hivyo miaka yote. Akiona "If the mass were doubled" anadhani uzito uliwahi kuongezwa.

Mtego wa tatu ni mdogo kwa umbo ila unagharimu alama nyingi. Kiswahili kinakanusha sharti kwa -sipo-: usipofunga dirisha, nyani wataingia. Kiambishi chenyewe kina ukanushi ndani yake. Mwanafunzi anapoambiwa kwamba "unless" ndiyo -sipo-, anahisi bado kuna "si" haijatafsiriwa, na anaandika "Unless you don't close the window, the baboons will come in", yaani nyani wataingia akifunga. Ni swali ambalo mtihani wa kidato cha nne unalipenda.

Kiswahili hichohicho, kikiwekwa mezani, kinatoa njia ya kutokea. Kiambishi -ki- hakina wakati, na wakati uliopo wa kawaida wa Kiingereza baada ya "if" nao hauelezi wakati wowote hasa. Mwanafunzi aliyeoneshwa uhusiano huo hana sababu ya kuandika "If it will rain", kosa linalotoka kwenye njia nyingine ya Kiswahili, ile ya "kama itanyesha". Kadhalika -nge- si wakati uliopita, ni alama ya kudhania. Mwalimu akisema kwamba Kiingereza hakina -nge- katika kishazi cha sharti na kwa hiyo kinaazima umbo la wakati uliopita kufanya kazi hiyo, ameeleza kwa sentensi moja alichokieleza Lewis kwa sura nzima, na amekieleza kwa kitu ambacho mwanafunzi anakijua.

Tuchukue kipindi kimoja. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, tuta likabomoka, maji yakaingia mjini Kilosa na reli ya kati ikaharibika. Mwalimu anaandika "If the embankment had not broken, the water would not have entered the town". Kabla ya kanuni yoyote anauliza maswali mawili kwa Kiswahili: tuta lilibomoka au halikubomoka? Maji yaliingia au hayakuingia? Darasa likijibu kwamba lilibomoka na yaliingia, maana imefika, na "not" mbili zimeacha kuwatisha. Wakijibu kinyume, mwalimu amejua papo hapo kwamba zoezi la kujaza nafasi lingemdanganya. Halafu ndipo wanaandika kwa Kiswahili, "tuta lisingalibomoka, maji yasingaliingia", wanapigia mstari kiambishi kinachojirudia, na kutazama ni wapi Kiingereza kimekataa kujirudia.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza linasema kwamba kulinganisha lugha kutamfanya mwanafunzi aendelee kutafsiri kichwani badala ya kufikiri kwa Kiingereza. Lingekuwa na uzito kama angekuwa hatafsiri sasa. Makosa yaliyotajwa hapo juu yanaonyesha anatafsiri tayari, gizani na peke yake. Shule zinazokataza Kiswahili kwenye viunga vyake hazijaufuta ule ulinganifu wa -nge- kichwani mwa mtoto. Zimemzuia tu mwalimu asiutaje.

La pili ni zito zaidi: Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa baadhi ya watoto wa wilaya hii, hasa wa jamii za wafugaji. Ni kweli, na katika madarasa ya chini ulinganisho huu hauwafai. Lakini anayefika sekondari amesoma miaka saba kwa Kiswahili na amefanya mtihani wa taifa kwa lugha hiyo. Wakati anapofikia sentensi za masharti, Kiswahili ndiyo sarufi pekee aliyowahi kufundishwa kwa kina.

La tatu linanihusu mimi moja kwa moja. Kama -nge- na -ngali- zimeungana katika mazungumzo, basi ulinganisho unafeli hasa pale palipo pagumu, kwenye aina ya tatu. Nalikubali kwa sehemu. Kwa aina ya kwanza na ya pili Kiswahili kinabeba karibu mzigo wote. Kwa aina ya tatu kinabeba nusu, na nusu iliyobaki, ule mpangilio wa "had" na "would have", lazima ikaririwe. Hapo kanuni ya ubaoni inarudi kwa haki yake, baada ya maana.

Nini kitangulie

Nikipima yote, ningebadili kwanza mpangilio na uzito, kisha ndipo njia. Sharti linaloweza kutimia ndilo linalotumika zaidi hifadhini, karakanani na katika vitabu vya sayansi, na linastahili kuanza mapema na kurudiwa katika kila mada, likiegemezwa kwenye -ki-. Sharti la kudhania lifuate kidato cha pili au cha tatu kupitia -nge-, kwa msisitizo juu ya kusoma na kuelewa maswali ya fizikia na hisabati. Sharti lililokosa wakati wake, yaani aina ya tatu, lifundishwe zaidi kwa kulitambua kuliko kulitunga, kwa kuwa wachache watalihitaji midomoni mwao. Namba za aina zibaki kama majina ya kumalizia mada, kwa ajili ya mtihani. Gharama ya mpangilio huu ni vipindi vichache vya mazoezi ya kujaza nafasi, na shule inayohesabu ufaulu itaiona gharama hiyo mwaka wa kwanza. Chuo kama Ilonga nacho kingelazimika kuwakutanisha wakufunzi wa Kiswahili na wa Kiingereza katika mada moja, jambo ambalo ratiba za vyuo hazikupangwa kwa ajili yake.

Sehemu ngumu zaidi iko kwa watungaji wa mitihani. Maadamu swali linasema "andika upya ukianza na If", mwalimu mwenye busara atafundisha kuandika upya ukianza na "If", na hakuna semina itakayomshawishi vinginevyo. Swali lingine lingewezekana bila gharama yoyote: mtahiniwa apewe sentensi ya tuta la Mkondoa, kisha aulizwe kama mji ulipata mafuriko.